Mafuta ya Kushukia

Sikiliza nikwambie. Mume wangu Damiano hajawahi kuiba hata ndizi. Naanza na hilo kabla hujakutana na watu wa Maguu, maana watu wa kwetu Maguu wana midomo, na mwaka ule wa gari midomo yao ilifanya kazi kuliko majembe.

Gari lilitokana na kahawa. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milimani wenyewe na malori yao kugombea kahawa yetu, na bei ikapanda mpaka mzee mmoja akaomba atajiwe mara ya pili, maana alidhani anataniwa. Kila nyumba ikaota lake. Wengine bati, wengine redio, wengine, Mungu awasamehe, mke wa pili. Nyumba ya marehemu baba mkwe wangu iliota gari. Walikuwa ndugu watatu: Ildefonsi ndiye mkubwa, Othmar wa katikati, na Damiano wangu kitinda mimba. Wakachanga, Ildefonsi akapanda basi mpaka Dar es Salaam, akarudi na gari dogo la familia, la dizeli, mtumba kutoka Japani. Usukani akakabidhiwa Damiano, kwa kuwa alikuwa dereva wa malori ya ushirika kabla malori hayo hayajawekwa juu ya mawe.

Sasa huyo muuzaji wa Dar alimwambia shemeji yangu neno moja, na neno hilo ndilo lililotutia matatani. Alimwambia, "Mzee, hili ni dizeli, halijui kula. Lita moja, kilomita ishirini." Shemeji alilibeba neno hilo kutoka Dar mpaka Maguu kama amri ya kumi na moja. Alilisema dukani, alilisema baada ya misa, alilisema hata msibani mbele ya maiti ya watu. Lita moja, kilomita ishirini!

Mimi najiuliza mpaka leo, muuzaji yule alikuwa anaongelea barabara ya wapi? Labda ya huko huko Japani, lami tupu, baba na mama wamekaa mbele, mtoto mmoja nyuma anakula biskuti. Gari letu lilipeleka wagonjwa Litembo. Na mgonjwa wa kwetu haendi hospitali peke yake, anakwenda na mama yake, na shangazi yake, na sufuria, na mzigo wa kuni, na kuku wa supu amefungwa miguu. Damiano hawezi kumwacha mtu barabarani. Akikuta bibi na kapu, anasimama. Akikuta wawili, wanabanana. Masika matope yanafika kwenye ekseli, na kutoka bondeni mpaka kileleni ni gia namba moja, gari linalia kama mtu anayefiwa. Halafu jioni shemeji anainama kuangalia geji ya mafuta, anahesabu kwa vidole, anatingisha kichwa.

Mwanzoni alinung'unika tu. Baadaye akaanza kuuliza. "Damiano, ulipita wapi jana?" "Damiano, hivi yule rafiki yako mwenye mashine ya kusaga, mashine yake si inatumia dizeli?" Damiano ni mtu wa maneno machache. Alijibu, "Sijui kaka, labda ni hii milima." Basi. Mimi nilitamani apige meza, ang'ake, hata atukane kidogo, lakini wapi! Mtu mpole akisingiziwa, upole wake wenyewe unageuzwa ushahidi. Majirani wakaanza kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Sisi Wamatengo tuna sengu. Ni pale kwa mkubwa wa ukoo, wanaume wanapokula pamoja kila jioni, kila mke anapeleka chakula chake, na mambo yote ya ukoo yanasemwa na kukatwa hapo hapo. Mwanamume asiye na sengu hana kwao, hata awe na mashamba mlima mzima. Jioni moja ugali wangu na maharage yangu vikarudi nyumbani kama vilivyokwenda. Havikuguswa hata na kidole.

"Nini hiki?" nikamuuliza Damiano.

"Kaka amesema hana njaa."

"Hana njaa! Ildefonsi huyu huyu ninayemjua? Na Othmar naye hana njaa? Na watoto wao wote hawana njaa?"

Akufukuzaye hakuambii toka. Kesho yake chakula kikarudi tena, na keshokutwa, na mimi nikawa nalia jikoni huku nasingizia moshi.

Ndipo likaja suala la safari ya ziwani. Binti yetu Hilda alikuwa ameolewa kule chini, kijiji cha karibu na Mbamba Bay, kwa Wanyasa, watu wa Anglikana, wavuvi na wakulima wa mpunga. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na ilitupasa twende kumwona, na baba mkubwa wake kama mkuu wa ukoo ilimpasa aongoze. Ildefonsi akaona hapo hapo ndipo pa kumaliza mchezo. Akasema mbele ya sengu nzima, na Othmar ndiye aliyenieleza:

"Tanki litakaushwa, kisha litatiwa Mbinga mjini, mbele ya macho yangu, mafuta ya kwenda na kurudi kwa hesabu ya muuzaji na akiba kidogo. Kifuniko nitakifunga kwa ufunguo, na ufunguo nitakaa nao mimi. Likila vibaya hivyo hivyo, nitajua ni ugonjwa wa gari. Lakini likila kama muuzaji alivyosema, Damiano, basi hayo mengine yote uliyauza. Utarudisha funguo za gari, utatoka hapa sengu, na wanao watatoka nyuma yako."

Damiano alisema, "Sawa, kaka."

Sawa, kaka! Usiku ule nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Yeye aligeukia ukutani tu. Wanangu wawili wa kiume walikuwa bado hawajaoa. Nani angewapa binti, watoto wa mwizi waliofukuzwa sengu?

Tukaondoka alfajiri. Ildefonsi mbele kwa Damiano, ufunguo wa tanki ameuvaa shingoni kwenye kamba ya rozari. Mimi nyuma na magunia ya mahindi, maharage, na kahawa ya kuwapa wakwe. Tulipomaliza miinuko ya huku juu na barabara ikaanza kushuka kuelekea ziwani, shemeji akageuka.

"Weka free."

"Kaka, mteremko ni mkali. Breki zitaungua."

"Weka free, nimesema! Au unataka kuyachoma makusudi?"

Damiano akaweka free. Ni mtindo wa madereva wa kwetu wote, mteremko ni zawadi ya Mungu, unauachia gari likashuka lenyewe injini ikinguruma kidogo kidogo. Tuliteleza kona kwa kona, harufu ya breki imejaa ndani, mimi nasali Salamu Maria na kuiacha katikati kila tunapokaribia korongo. Joto la ziwani likaanza kutupiga usoni, halafu maji yenyewe yakaonekana, makubwa hayana ng'ambo. Shemeji hakuyaangalia. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa geji.

Kwa wakwe tulipokelewa vizuri ajabu. Mzee Nicholaus, baba mkwe wa Hilda, ni mtu wa heshima, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa ajili yetu. Kulikuwa na wali, kulikuwa na mbasa wa kukaanga, samaki mnene kama mkono wangu. Hilda akaniwekea mtoto mapajani, nikasahau kila kitu. Kajukuu kana paji la uso la Damiano mtupu! Damiano alikatazama, akatabasamu, na mimi nikagundua kwamba tangu kahawa ichumwe sikuwa nimeyaona meno ya mume wangu.

Hilda alikuwa anazunguka na maji ya kunawa. Mzee Nicholaus akasema kwa wema tu, bila kujua anakanyaga nini, "Hongereni kwa gari, wakwe. Lakini mafuta nayo yanaumiza, au siyo?"

Ildefonsi akaweka mikono magotini.

"Wakwe, nisameheni, lakini nyinyi sasa ni ndugu zetu, siwezi kuwaficha. Kutoka Mbinga mpaka hapa mlangoni kwenu, mshale umeshuka upana wa kidole. Kidole kimoja! Gari ni zima. Hili gari halijui kula. Anayekula ni huyu mdogo wangu. Ananiibia, wakwe. Mwaka mzima ananiibia."

Hilda alikuwa amesimama na birika, maji yanamiminika kwenye mkeka na yeye haoni. Mama mkwe wake akageuza uso. Nilimwona mwanangu akitafuta mahali pa kuweka macho na kupakosa.

"Shemeji!" nikasema. "Tumeshuka mlima! Hata jiwe likisukumwa kutoka Maguu litafika hapa, na halina tanki!"

"Barabara ni ile ile, Mama Hilda. Kilomita za kushuka ndizo za kupanda. Au za kupanda zinazaana?"

Nikamgeukia Damiano. Sema basi! Alikuwa anaangalia viganja vyake. Akasema polepole, "Sijui, kaka. Mimi mwenyewe sijui." Niliona aibu, na hasira, na huruma, vyote kwa pamoja. Tukalala pale kwa sababu adabu ilitaka tulale. Hilda alinipikia uji asubuhi bila kuniangalia.

Wakati wa kuondoka, wakwe walituheshimu hata hivyo: gunia la mchele, viroba vya usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, na mbasa waliokaushwa. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Damiano akamwendea kaka yake na dumu tupu mkononi.

"Kaka, tutafute dizeli kidogo Mbamba Bay kabla ya kupanda. Kuna watu wanauza kwenye mapipa."

"Ya nini? Ili ukaiuze njiani? Tulikula kidole kushuka, tutakula kidole kupanda. Kilichobaki kinatosha na kinazidi. Kilichotushusha kitatupandisha. Twende."

Damiano akarudisha dumu kwenye buti. Kaka ni kaka.

Jamani, wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wahenga hao hawakupanda kutoka ziwani na gunia la mchele. Kwetu kushuka ni raha, ngoma ni kupanda. Ilikuwa gia ya pili, kisha ya kwanza, kisha ya kwanza tena, kona moja juu ya nyingine, moshi mweusi nyuma, injini imechemka mpaka tunasimama kuimwagia maji. Na mshale wa geji ukaanza kushuka, unashuka mchana kweupe, mbele ya macho ya shemeji. Kwanza alikohoa. Halafu akagonga kioo cha geji kwa kucha. Halafu akaushika ufunguo pale shingoni, akautazama, akaurudisha ndani ya shati. Baada ya muda akaushika tena.

Mimi nyuma nilikuwa nachekelea, sikufichi. Kila mshale ukishuka moyo wangu unapanda. Kunywa, nikaliambia gari kimoyomoyo, kunywa mpaka tone la mwisho, mkaushe huyu.

Likanywa. Katikati ya mlima, mahali ambapo huwezi kuona ziwa wala huwezi kuona mwisho wa mlima, likakohoa, likatikisika, likazima. Damiano akavuta breki ya mkono, nikaruka na kuweka mawe kwenye matairi. Ildefonsi akashuka, akaenda kwenye kifuniko cha tanki. Akakipapasa. Kilikuwa kimefungwa, kama alivyokifunga yeye mwenyewe Mbinga. Akasimama pale amekishika, kofia imemlalia upande. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu ziwani, maneno makali, ya kumtoa ngozi. Nikafungua mdomo. Damiano akaniangalia tu, akatikisa kichwa kidogo. Nikaumeza ulimi wangu, na ulikuwa mchungu.

Jua lilikuwa limeinama kidogo lilipotokea lori kutoka chini, limebeba watu na mihogo. Dereva wake aliitwa Romanus, mtu wa Litembo, bonge la mtu mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Akasimama, akaja akituzunguka.

"Vipi wazee, limekufa?"

"Dizeli imekwisha," Damiano akasema.

"Imekwisha! Hapa!" Romanus akaangua kicheko, na watu wa juu ya lori wakadaka. "Ni mjinga gani aliyepanda mlima huu na mafuta ya kushukia? Hata mtoto wa hapa anajua ukiteremka na kikombe utapanda na ndoo! Nani dereva? Nani aliyepiga hesabu hii?"

Ildefonsi alikuwa ameinamisha kichwa. Damiano akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ni mimi, ndugu yangu," akasema. "Mimi ndiye dereva. Nilikosea hesabu."

"Na mvi hizo zote!" Romanus akasema, na lori zima likacheka tena. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti kwamba dereva wa namna hii hata baiskeli asipewe. Damiano alisimama akatabasamu kidogo, akapokea matusi yale kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni. Na mimi niliyetaka shemeji akaushwe, nilijikuta nalia barabarani, nalia kweli, kamasi na machozi.

"Nyamazeni!" 

Alikuwa Ildefonsi. Sauti yake ilikwaruza.

"Nyamazeni, nasema. Si yeye. Yeye aliniomba tununue dizeli Mbamba Bay, nikamkatalia. Mjinga mnayemtafuta ni mimi." Akautoa ufunguo ndani ya shati. "Na jana nilimwita mwizi. Mbele ya wakwe zake. Mbele ya binti yake amebeba maji ya kunawa. Na ufunguo wa tanki ninao mimi hapa shingoni, angeiba na nini?"

Romanus akakuna kichwa, akaenda kimya kimya kwenye lori lake, akaingiza mpira, akavuta kwa mdomo, akatema, akatujazia dumu. Alisema litatufikisha Mbinga tukienda taratibu. Malipo alikataa. Ildefonsi akauvua ufunguo, akafungua kifuniko mwenyewe; Damiano akamimina, akafungua nati, akapiga pampu ya mkono kutoa hewa iliyoingia kwenye mirija ya dizeli, mpaka mapovu yakaisha. Gari likawaka.

Tukaingia. Damiano akashika gia apande.

"Geuza," Ildefonsi akasema.

"Kaka?"

"Geuza gari. Turudi ziwani."

"Shemeji," nikasema, "mafuta haya ni ya kufika Mbinga! Tukishuka tutapandaje tena?"

"Sijui, Mama Hilda. Tutajua huko huko. Kushuka yanatosha, hilo angalau sasa nalijua. Neno nililisema mbele ya watu, siwezi kulifuta hapa porini peke yangu. Hilda wetu alale na neno lile usiku mwingine? Geuza, mdogo wangu. Nakuomba."

Nakuomba! Miaka yote niliyoolewa katika nyumba ile sikuwa nimewahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Damiano akageuza.

Tulifika wakwe wakiwa wanaanua mpunga uani. Walishtuka, wakadhani tumepata ajali. Mzee Nicholaus akataka kutuletea viti, Ildefonsi akakataa kukaa. Akavua kofia. Akaomba Hilda aitwe, na mama mkwe wake, na yeyote aliyekuwepo jana. Walipokusanyika akasema amesimama:

"Wakwe, jana nilisema uongo hapa kwenu. Sikujua kuwa ni uongo, lakini uongo ni uongo. Mdogo wangu hakuniibia. Hesabu yangu ndiyo iliyokuwa mbovu, na leo mlimani nimeiona kwa macho yangu. Hilda mwanangu, baba yako si mwizi. Alikuwa akibeba wagonjwa wetu na vikongwe wetu, na mimi nikampimia kwa maneno ya mtu wa dukani. Nisamehe. Mtoto huyu akikua, asije akasikia lile neno kutoka kwa mtu yeyote."

Hilda alimwendea baba yake mkubwa, akapiga goti, akampokea kofia mikononi, akasema, "Karibu ukae, baba mkubwa." Halafu akaficha uso ndani ya ile kofia, na mama mkwe wake akamshika mabega. Mzee Nicholaus naye akawa anajipangusa macho na kulaumu vumbi la mpunga.

Nikatafuta mume wangu, simwoni. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mabega yanatikisika. Tangu tuoane sijawahi kumwona akilia, hata mama yake alipofariki. Nikakaa karibu yake.

"Lia tu, baba Hilda," nikamwambia. "Limekwisha. Wote wamejua sasa."

Akajifuta kwa kiganja, kile chenye harufu ya dizeli.

"Si hilo, Notburga," akasema. "Walivyosema muda mrefu vile, unajua hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli sikuiba?"